Kasha la samaki na kidole cha nyanya

Jumapili, jioni. Joto la Kisumu leo halina adabu. Nimelala juu ya saruji kando ya ndoo ya lita 20 niliyoivika leso iliyoloa maji, kama mgonjwa wa homa, nikisikiliza mpira wa dripu ukitema mapovu ndani ya chupa ya maji. Blup. Kimya. Blup. Maadamu unatema, hamira iko kazini na hewa ya nje haiingii.

Hii ni bia yangu ya tatu. Siuzi hata glasi. Mambo ya leseni na chifu nawaachia wengine.

Vifaa vyangu ni vya kuokoteza. Kasha la barafu nililinunua kwa mama muuza samaki wa Dunga, kuukuu, nikalisugua mara nne na bado siku ya kwanza lilinuka omena. Mfereji wake niliung'oa kwenye mtambo wa maji ya kunywa uliokufa. Chujio ni kifuniko cha sufuria ambacho fundi mmoja wa Kibuye alikitoboa mashimo madogo madogo, akiniuliza kila baada ya tundu la kumi, "Na hii itafunika nini sasa?" Sikumwambia. Nadhani alijua.

Jaribio la kwanza niliharibu kwa kujifanya msomi. Maelekezo yote niliyokuwa nimesoma ni ya kimea cha shayiri: changanya na maji ya moto, tuliza kwenye nyuzi 65 hadi 68 kwa saa moja, wanga utageuka sukari. Mimi shayiri sina. Nilikuwa na unga wa mtama na kimea cha wimbi nilichootesha mwenyewe juu ya gunia, nikakianika paani siku mbili huku nikigombana na ndege. Nikachanganya vyote, nikafunga kasha, nikakaa saa nzima nikijiona mhandisi. Kisha nikadondoshea tone la iodini ya duka la dawa kwenye kijiko cha yale maji. Likawa jeusi kama wino. Wanga mtupu, haukuguswa.

Nikampigia nyanya, kule Seme. Ameokoka miaka mingi, hapiki tena, lakini zamani pombe yake ya busaa ilikuwa inamaliza mazishi.

"Uliweka unga mbichi?"

"Ndiyo, nyanya."

"Kwani wewe hula unga mbichi?"

Nilinyamaza. Akacheka hadi simu ikakwaruza.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Wanga wa mtama ni mkaidi kuliko wa shayiri: hauvimbi na kufunguka mpaka moto upite zile nyuzi 65 zangu. Vimeng'enya vya kimea, ndivyo vinavyokata wanga kuwa sukari, navyo haviwezi moto huo, vinakufa. Vitu viwili vinavyohitajiana na haviwezi kukaa jiko moja. Nyanya na wenzake walikwisha kulitatua: unga wa mahindi uliovundikwa ulikaangwa kwanza juu ya bati mpaka ukaiva, ukapoa, ndipo kimea kikatiwa, na kimea chenyewe hakikuonja moto kabisa. Nilikuwa nimeona bati lile utotoni nikadhani ni la kutia ladha tu.

Basi mara ya pili nilipika uji wa mtama, mzito wa kusimamisha mwiko. "Ngoja upoe," nyanya alisema. "Kidole kikiingia na kutoka bila wewe kupiga kelele, weka kimea." Niliingiza kidole, nikapiga kelele, nikangoja, nikajaribu tena. Kipimajoto kilisoma 66.

Kilichofuata sikukitarajia. Nilikoroga kimea cha wimbi ndani ya ule uji, na ndani ya robo saa mwiko ukaanguka. Uji mzito ukawa mwepesi kama chai, na nilipouonja ulikuwa mtamu, bila punje ya sukari. Niliita jirani aje aone. Hakuona cha ajabu.

Kuchemsha hakuna mengi ya kusema. Saa moja, pamoja na gramu 30 za hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, alizoniletea rafiki kutoka Ujerumani. Nililaumu kipimajoto kwa kugoma kwenye 96 hadi nilipokumbuka kwamba Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku maji hayangoji mia.

Shida ikawa joto la kuchachusha. Ndoo ilifika nyuzi 30 na bia ikanukia ndizi mbivu na dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ndiyo maana ya leso ya leo. Ni kazi ya mtungi: maji yakikauka juu yake yanaondoka na joto. Sasa hivi ni 24. Naimwagia kikombe kila nikiamka kwenda haja.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea nyanya chupa ya ile ya pili, ya ndizi. Alilowesha ncha ya ulimi tu, kwa sababu ya wokovu, akakunja uso.

"Ina uchungu. Kama mwarobaini."

"Ni hopsi, nyanya."

"Na machicha ulipeleka wapi?"

"Nilitupa."

Aliniangalia kwa muda. Kisha akageuka kuwaangalia kuku wake.