Lile joho, na vile vitabu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili mwezi ulikuwa mpevu, na wenzangu wa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, mnajua maana yake. Dagaa hufuata taa. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima, taa ya mvuvi haiwavuti tena, basi mitumbwi hukaa nchi kavu siku kadhaa, nyavu zikashonwa, vichanja vikabaki vitupu, na sisi tunaoanika dagaa tukashinda tunahesabu hasara. Miaka mingi nilizichukia siku hizo. Nilifua hata nguo safi, niligombana na watoto kwa sababu ya mwiko, nilipanda Mwanga sokoni bila cha kununua. Kukaa tu niliona ni uvivu, na mtu aliyeokoka atakuwaje mvivu?

Andiko lililonisimamisha ni 2 Timotheo 4:13. Huo ni mstari tunaouruka. Mimi sijawahi kusikia mahubiri juu yake. Paulo yuko kifungoni, na mistari saba nyuma amekwisha kusema wakati wa kufariki kwake umefika. Mtu wa hali hiyo ungetarajia aombe watu wafunge na kukesha kwa ajili yake. Yeye anamwagiza Timotheo: “Lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, ujapo, ulilete, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi.” Koti na vitabu! Mbele kidogo, mstari wa 21, anamhimiza ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Kumbe mzee anasikia baridi. Mtume aliyewaandikia Wafilipi kwamba anayahesabu mambo yote kuwa hasara bado anakumbuka koti lake liko kwa nani, tena haoni haya kuliulizia. Na vitabu je, vya nini kwa mtu anayengoja kufa? Vya kusoma. Nimejaribu kutafuta maelezo mazito kuliko hayo, sikuyapata.

Huku kwetu tuna picha inayofanana na hiyo. Pale Ujiji tunapowapeleka wageni, kwenye miembe, ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari na mpelelezi Livingstone mwaka 1871, mzee amedhoofika na vitu vimemwishia. Wageni wote wanataka kusikia ile salamu ya Stanley, “Daktari Livingstone, nadhani?” Mimi huwaza furushi la barua alilopelekewa Livingstone siku ile, lililokuwa limekwama Tabora, na jinsi alivyokaa nalo magotini. Ndiye huyo aliyeandika kwamba huko Manyema, ng'ambo ya ziwa, alikotoka aliisoma Biblia nzima mara nne.

Mimi nilirudishwa kwenye kusoma na karanga. Nilizinunua sokoni, zimefungwa kwenye ukurasa wa kitabu cha hadithi. Nikala karanga, nikasoma karatasi: mwanamke anafungua sanduku la marehemu mama yake, anainua kanga ya juu, na hapo karatasi ikaishia. Wapendwa, nilirudi kwa muuza karanga kuulizia ukurasa unaofuata. Alicheka mpaka akashika meza. Alikwisha kumfungia mtu mwingine.

Nikaenda kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, kuazima kitabu, chochote kile. Alinipa kwa masharti: nisikunje pembe za kurasa, nisiweke kikombe cha chai juu yake, na nikimaliza nije kumsimulia. Sharti la tatu lilinitisha kuliko yote. Tangu niache shule hakuna aliyewahi kuniuliza nimeelewa nini.

Siku hizi mwezi ukiwa mpevu, jioni nachemsha maji na mchaichai, naloweka miguu yangu iliyopasuka kwa mchanga na jua la mwaloni, naipaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, natandika mkeka mlangoni, nawasha taa. Mara ya kwanza baba watoto aliuliza kama naumwa. Mama mkwe, ambaye macho yake yamefifia, alivumilia siku mbili, ya tatu akasema, “Mwanangu, soma kwa sauti, na mimi nimo humu ndani.” Sasa tunasoma wawili. Yeye hubishana na watu wa hadithini kana kwamba wako ukumbini kwetu, na tukifika penye uchungu ananyamaza, halafu anaomba nirudie. Tunaanza na zaburi moja, kisha hadithi. Kuna siku tunaanza na hadithi, nadhani Mungu ametuzoea.

Mnakumbuka Marko 6:31, Yesu anawaambia wanafunzi, “Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo.” Watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula ikakosekana. Someni mbele. Walipanda chombo, watu wakawaona, wakapita nchi kavu mbio wakawatangulia. Waliposhuka umati uko pale, na Bwana akawahurumia, akaanza kuwafundisha. Kwa hiyo mapumziko waliyopata ni yale ya ndani ya chombo tu, kutoka ufuo hadi ufuo.

Nilipoligundua hilo nilikuwa kwenye boti, nimetoka Kibirizi naelekea Mwamgongo kwa habari ya mzigo. Injini inanguruma, mama mmoja amemlalia mwenzake, kuku anapiga kelele chini ya ubao. Kitabu cha mwalimu kilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya kikapu, kisirushiwe maji. Zamani safari kama ile niliimaliza nikiwaza madeni. Siku ile nilikitoa, nikasoma kurasa tisa. Milima ya Gombe ilipita upande wa kulia nami sikuiona, mpaka kijana wa boti akaniuliza, “Mama, unacheka nini peke yako?”

Juzi mwezi umeanza kuchelewa kutoka. Jioni nilisikia injini zikitoka mwaloni moja baada ya nyingine, na taa zikajipanga ziwani. Mama mkwe akauliza kama tunasoma. Nikamwambia kurasa mbili, maana alfajiri dagaa wanafika. Tulisoma nne, nikaweka kipande cha uzi wa nyavu mahali tulipoishia, nikazima taa.