Kibaba cha Maji

Assalamu alaikum ndugu zangu. Jumatatu, kabla ya Alasiri, niliweka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la uani kwetu, nikatawadha kama ninavyotawadha siku zote. Sikujibana. Nilipomaliza mguu wa kushoto nikainama kutazama: maji yalikuwa yamebakisha vidole viwili kufika ukingoni. Udhu mmoja, wa mtu mmoja. Nimesali kwa miaka mingi na sikuwahi kujua kiasi hicho, kwa sababu maji yakipita kwenye bomba huingia shimoni na hakuna anayeyaona tena.

Anas (r.a.), aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) kwa miaka 10, ametuhadithia kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa maji ya kipimo cha mudi moja na akikoga kwa kipimo kiitwacho saa, kimoja, hadi mudi tano. Imo katika Bukhari na Muslim. Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji kufasiriwa sana, kwani mudi ni kibaba na saa ni pishi, pishi ile ile tunayopimia Zaka ya Fitri. Kibaba cha maji hakifiki lita moja. Kwa maji ya udhu wangu wa Jumatatu, Mtume angalikoga mara mbili na yakabaki. Na alikuwa mtu safi kuliko mimi.

Wengi tunaikumbuka hadithi ya Saad, aliyekatazwa na Mtume israfu ya maji katika udhu hata akiwa kwenye mto unaotiririka. Wanazuoni wamezungumza juu ya udhaifu wa isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, kwa hiyo leo siegemei hapo. Naegemea nyingine. Bedui mmoja alikuja kumuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya udhu, naye Mtume akamwonyesha kuosha viungo mara tatu tatu, kisha akamwambia kuwa atakayezidisha juu ya hayo amefanya vibaya, amevuka mpaka na amedhulumu.

Amedhulumu. Neno hili limenikalia wiki nzima. Kufanya vibaya nalifahamu, kuvuka mpaka nalifahamu. Lakini anayezidisha katika udhu anamdhulumu nani? Jibu la kwanza ni kwamba anaidhulumu nafsi yake, na ni kweli. Mimi nimejaribu kuyafuata maji yenyewe nione yametoka wapi.

Hapa Mombasa sehemu ya maji yetu yatoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, hupenya kwenye mawe ya volkeno, hutembea chini ya ardhi na kutokea Mzima yakiwa maangavu, viboko wakiogelea humo. Tangu miaka ya 1950 yanaletwa huku kwa bomba, safari ya zaidi ya kilomita 200. Mengine yatoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki. Miti ya Chyulu ikikatwa kwa mkaa, maji ya kunyonywa na ardhi hupungua, na mkaa huo ndio tunaopikia pilau. Kwenye visima vyetu vya mjini ndiyo mwajua: vingi vina chumvi.

Halafu nenda ukasimame njiani asubuhi. Kijana anasukuma mkokoteni wa mitungi ya lita 20, jasho limemtoka, na mama anahesabu sarafu mlangoni ajue leo atachukua miwili au mmoja. Mama huyu naye anatawadha. Watoto wake wanaogeshwa kwa kopo. Nikitazama ndoo yangu na mtungi wake, silioni tena neno "amedhulumu" kuwa zito kupita kiasi.

Na hili si jambo la kujifunza kwa wageni. Ukifika magofu ya mji wa kale wa Gedi, hapa pwani, utakuta msikiti mkuu una kisima na birika lake la kutawadhia. Nyanya yangu alikuwa na kata, kifuu cha nazi chenye mpini, iliyotundikwa juu ya mtungi. Unachota, unamimina kwa mkono wa kulia, unaona yanavyopungua. Kata ilikuwa ikikufundisha adabu bila kukwambia neno. Bomba halifundishi kitu. Twasema haba na haba hujaza kibaba. Kwenye bomba haba na haba humwaga pishi.

Basi tangu Jumatatu nimerudi kwenye kopo. Siku ya kwanza nilikosea, maji yakaniishia kabla ya miguu. Siku ya tatu kopo moja la lita moja likanitosha, viungo vyote mara tatu, na la ajabu ni kwamba nilitulia zaidi, sikuharakisha. Chini naweka beseni. Katika madhehebu yetu ya Shafi maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu hayafai kutawadhia tena, lakini ni tohara, si najisi. Nayapeleka kwenye mndimu. Mtume (s.a.w.) amesema Mwislamu hapandi mti kisha akala humo ndege, mtu au mnyama ila huwa ni sadaka kwake. Mndimu wetu una viota viwili vya chozi.

Wengi wetu husoma Suratul Mulk kabla ya kulala. Aya yake ya mwisho, ya 30, ni swali: mwaonaje, maji yenu yakididimia chini, ni nani atakayewaletea maji yanayobubujika? Juzi usiku nilifika hapo nikashindwa kufunga msahafu upesi kama kawaida yangu. Nilisikia bomba la uani likidondoka. Linadondoka tangu Mfungo Mosi, mpira wake wa ndani umekwisha, na kila siku nimekuwa nikisema kesho. Niliweka sufuria chini yake, na alfajiri, kabla sijatoka kwenda msikitini, nikampigia fundi.