Vumbi la Dodoma na rangi ya kabati la droo

Kabati letu la kwanza lilikuwa jeupe pe. Hapa Nkuhungu, upepo wa kiangazi ukianza, vumbi jekundu lilitua juu yake kutwa. Nikifuta asubuhi, jioni limerudi. Nikafikiria jeusi. Jirani yangu analo, na kwake vumbi huonekana zaidi, pamoja na alama za vidole.

Basi nikamwomba fundi seremala vipande vitatu vya mbao: kimoja cha kijivu, kimoja cha rangi ya mchanga, kingine cha mninga uliopigwa vanishi. Nikaviegemeza ukutani chumbani siku tatu bila kuvifuta, nikivitazama asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Dukani huwezi kuona nilichokiona. Kuta zetu ni za rangi ya maziwa, zina umanjano kidogo. Mbele yake kile kijivu kiligeuka kibuluu, chumba kikapooza. Mninga ulipendeza sana, ila ulikaribia rangi ya vigae bila kulingana navyo, tena ni ghali. Kipande cha mchanga kilikaa kama kilizaliwa pale, na vumbi lake ulilitafuta kwa kidole.

Nikachagua hicho, kwa rangi ya mafuta isiyong'aa sana, inayofutika kwa kitambaa kibichi. Nilimsihi fundi aache nafasi kidogo pembeni mwa kila droo, maana mvua za Desemba zikianza mbao hunywa unyevu na kuvimba. Januari hii droo zote zimefunguka bila kuvutwa kwa nguvu.