Mbio za punda za Idi: nilianza na kupwa kwa maji

Nilipokabidhiwa kupanga mbio za punda mtaani kwetu Bagamoyo, wazee walitaka ziwe saa kumi jioni, watu wakishashiba pilau. Nikakataa, na sababu ni bahari. Idi ya Mfunguo Mosi huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Siku hizo maji hujaa huku kwetu karibu na saa kumi jioni, yakakupwa karibu na saa nne asubuhi. Jioni ufukwe haupo, mbio zingehamia lami, na lami kwato inateleza. Basi tukaswali, tukaanza saa mbili na nusu, na saa tatu na nusu tulikuwa tumemaliza, jua halijachachamaa.

Mchanga nao una sehemu zake. Ule mkavu wa juu kwato inazama na kano za mguu zinavutika. Wa chini kabisa una madimbwi. Unaofaa ni wa kati, uliotoka kuachwa na maji: ukikanyaga, kisigino kinaacha alama lakini hakizami. Hapo nikapima urefu wa mita 300 na upana wa mita 20, mbali na soko la samaki, maana kule kamba za nanga zimefukiwa mchangani. Vijana sita wakapita bega kwa bega mara mbili wakiokota vioo, ndoana na misumari ya mashua, ndoo ikajaa. Msumari mmoja ukimchoma punda kwatoni unatosha kumpa pepopunda. Ugonjwa una jina lake mwenyewe!

Ukaguzi tuliufanya jana yake jioni, pamoja na afisa mifugo. Ukingoja asubuhi, mwenye punda amekwisha kumpamba na kualika ndugu. Kumkatalia ni ugomvi. Meno ya mbele yalitupa umri: ambaye yale ya pembeni hayajawa ya kudumu hajafika miaka minne na nusu, hakupokelewa. Jike mwenye mimba au anayenyonyesha, hapana. Kidonda mgongoni, kwato ndefu iliyopinda, hapana. Tukainua na mkia, kwa sababu wapo wanaopaka pilipili.

Moyo unaupima kwa vidole viwili chini ya taya, kwenye mshipa unaopita ukingo wa mfupa. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Punda mzima aliyepumzika yuko kati ya 36 na 52. Lakini usitegemee hesabu peke yake. Punda anaficha maumivu. Atasimama kimya ukadhani ni mpole. Mimi huwa namwekea majani. Akiyanusa na kuyaacha, hakimbii, hata kama anatembea vizuri.

Wapandaji tuliwapima kwa mizani ya sokoni, mwisho kilo 50, na kila mmoja akavaa helmeti ya bodaboda. Kamba ya manila inakata midomo, kwa hiyo hatamu zote zilizungushiwa vipande vya kanga. Kujifunga kamba mkononi ni marufuku: ukianguka unaburutwa.

Fimbo tulizikusanya zote. Watu waliuliza punda atakimbiaje. Punda ana mwenzake anayelala naye na kula naye. Mwenzake huyo tulimpeleka mapema kwenye mstari wa mwisho, na punda akamfuata mbio bila kuchapwa.

Kosa lilikuwa letu: spika na ngoma tuliziweka pale pale mwisho. Mkupuo wa kwanza, punda wanne walifika kama mita 200 wakaganda. Punda akiogopa hatoroki kama farasi, anasimama, na hapo ndipo watu humwita mkaidi wakaanza kumpiga. Tulihamisha spika nyuma ya mstari wa kuanzia, mikupuo iliyofuata ikaenda sawa.

Maji kila mmoja aje na ndoo ya nyumbani kwake. Punda hanywi kwenye chombo kigeni wala maji yenye harufu, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Akimaliza, anatembezwa kivulini, anamwagiwa maji shingoni na miguuni, anakunywa kidogo kidogo. Baada ya dakika 15 tunapima tena. Aliyezidi 60 harudi fainali. Mmoja alikuwa na 68. Mwenyewe alinuna hadi Idi ya tatu, punda wake amelala kivulini anatafuna.