Matundu 52

Kabla bamba lile halijaharibika, mchoro wangu niliuona mzuri. Nilikuwa na miezi michache tu kwenye chumba cha wachoraji, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyoachiwa peke yangu: bamba la chuma la milimita 400 kwa 300, unene 20, matundu 52. Kumi na manane ya kupitisha bolti, kipenyo 9. Ishirini na manne ya hesi ya M8, yaani ya bolti yenye kipenyo cha milimita 8. Kumi ya M6 yaliyopangwa duara katikati. Kila tundu nililipa vipimo vyake. Mistari ikapanda, ikashuka, ikakatizana, nami nikawa nasogeza tarakimu huku na huku mpaka zote zikapata pa kukaa. Nikatia sahihi.

Baada ya siku chache nikaitwa karakana.

Fundi, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa amelilaza bamba juu ya fremu yake. "Tia bolti," akaniambia. Ya kwanza kushoto iliingia yenyewe. Ya pili, ya tatu, hazina neno. Ya saba ikaanza kukwaruza. Ya nane ikagoma kabisa.

"Haya, pima."

Nikachukua kalipa, kile kipimio chenye taya. Toka tundu hadi tundu nikapata 37.57, 37.58, 37.57, 37.58. Mchoro ulidai 37.5, na tolaransi, yaani ruhusa ya kuzidi au kupungua, ya 0.1. Hapakuwa na nafasi hata moja aliyoikosea. Alikuwa ameifungua bikari mara moja, akatembea nayo kutoka tundu hadi tundu kama mistari yangu ilivyomwelekeza, na ule unywele uliozidi ukajirudia mara nane mpaka tundu la tisa likawa nje kwa 0.6. Bolti ya M8 ndani ya tundu la 9 ina nusu milimita tu ya kuchezea kila upande. Matundu ya fremu, kwa upande wake, yalikuwa yamepimwa yote kutoka ukingo mmoja. Kwa mchoro wangu, tundu la mwisho lingeweza kupotoka hata 0.8 na bado fundi akawa na haki.

"Na hili?" Kidole chake kilikuwa kwenye duara la katikati. Tundu moja la M6, ambalo hutobolewa kwa biti ya 5, lilikuwa limetobolewa kwa 6.8, biti ya M8. Nikautazama mchoro. Mshale wa matundu ya M8 ulikatiza duara lile, na ncha yake ikaishia karibu na tundu hilo kiasi kwamba mimi mwenyewe niliyeuchora ilibidi niinamishe uso. Chuma hakirudi. Nilitamani anifokee, lakini alinyamaza tu akifuta mikono.

Nikachora upya. Kona ya chini kushoto, kwenye kingo mbili zilizokwisha kuchongwa, nikaifanya sifuri. Mistari karibu yote nikaifuta. Kila tundu likapata jina: A ya bolti, B ya M8, C ya M6, pembeni nikaweka jedwali lenye jina, X na Y (umbali kutoka sifuri kwenda kulia na kwenda juu), na chini yake kipenyo na kina cha kila herufi. (Wapo wanaoweka jedwali hata kwa matundu manne. Hao wanawasumbua watu bure.)

Mzee akalisoma akiwa amesimama. Akauliza kwa nini A2 iko jirani na A11. Nikamwambia programu ndiyo iliyohesabu. "Basi programu ije itoboe. Mimi utanizungusha bamba zima." Nikarudi nikayahesabu kwa mkono, safu kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia.

Kasoro ya pili sikuitarajia. Matundu ya C nilikuwa nimeyaandika kwa X na Y kama mengine, tundu moja likiwa 248.541 na 185.267, nikijiona nimekuwa makini sana. Akacheka. Alitaka kujua atazikaguaje hizo na kalipa yake, na atajuaje kwamba hilo ni duara. Alikuwa na haki: kitu kinachofungwa pale ni cha mviringo, na tarakimu zangu zilikuwa zimeuficha. C nikaitoa kwenye jedwali, nikaandika kwenye mchoro wenyewe: matundu 10, duara la kipenyo 120, nyuzi 36 kati ya tundu na tundu, kitovu 200 na 150.

Bamba la pili lilipokuwa mashineni nilishuka kuangalia. Mchoro alikuwa ameukunja, jedwali likabaki mbele, limebanwa kwa sumaku usawa wa macho yake. Kulia kwa Y alikuwa amejipigia safu moja zaidi kwa kalamu nyekundu, na kila tundu lililokamilika lilikuwa na alama ya vema. Alikuwa amefika B9. Mchoro wangu uliofuata, safu hiyo niliichora mwenyewe.