Mwaka Tulioacha Wanga

"Mama, wanga ni nini?"

Kijana wangu wa darasa la nne ndiye aliyeuliza, juzi jioni, daftari la sayansi mapajani, mimi nachambua mchele. Ningejibu "vyakula vya kutia nguvu" yakaisha. Badala yake nikaanza kucheka peke yangu, hadi baba yake akachungulia kutoka sebuleni kuuliza kulikoni. Halafu kicheko kikakatika, maana nilimkumbuka Mama Pili na kile kiroba.

Wifi ndiye aliyeleta habari, Januari 2018. Mnaukumbuka wakati ule, kila kundi la WhatsApp hapa Dar lilikuwa na mtu wa kuhubiri mafuta: acha ugali, acha wali, kula mayai, parachichi, kuku na ngozi yake, mchicha ulioungwa kwa samli, na njaa utaisahau. Tukaunda kundi letu la watu watatu, mimi, Wifi na jirani yangu Mama Pili. Wifi akalipa jina: Kwaheri Wanga. Sheria alitunga yeye, faini nikakusanya mimi. Atakayekutwa na wanga mdomoni, shilingi 5,000. Nilinunua daftari kabisa, kwa sababu kwenye hela za watu mimi sina mchezo.

Wiki za kwanza sitazisimulia sana. Kichwa kiliuma. Mdomo ulinuka kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, mume wangu akahamia upande wa ukutani. Koliflawa ya Lushoto niliifuata Kariakoo kwa bei ambayo mpaka leo sijaitaja nyumbani, nikaikuna iwe punje punje kama mchele, nikaitia hiliki na mdalasini. Watoto walionja, wakanitazama kwa huruma.

Lakini kilo zilishuka! Kijana wa mizani pale kituoni Tandika alikuwa akituona tu kwa mbali anaanza kutabasamu, shilingi mia mbili zake kila Jumamosi. Siku kumi na nne, kilo nne. Baadaye sana muuguzi mmoja alinieleza kwamba sehemu kubwa ya hizo yalikuwa maji: akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli hukaa imeshikana na maji, kila gramu moja na gramu zake tatu hivi, na ikiisha vyote vinatoka pamoja. Kwa siku zile nisingemsikiliza. Nilikuwa nakatiza Tandika nzima kama mrembo.

Mama Pili hakuwa mtu wa kutamba. Alishuka kuliko sisi na alifuata sheria kuliko sisi. Mara mbili Wifi alisema amemwona mikono inamtetemeka akikata nyanya. Tukasema mafuta hayo yanayeyuka. Jamani.

Mwezi wa tatu kukawa na arobaini ya shangazi yao mume wangu, Bagamoyo. Tulipanda basi la alfajiri. Uani tukakuta sufuria mbili za pilau zimeshatengwa juu ya mawe, moshi, wanawake wanamenya vitunguu huku wanatoa machozi ambayo hakuna aliyejua ni ya nini. Dada wa marehemu, bibi mmoja mfupi, ndiye aliyeshika jiko. Akatuletea sahani ya mihogo ya nazi tufungue kinywa.

"Ahsante, Bibi," Wifi akasema, "sisi tumeacha wanga."

Visu vikasimama juu ya vitunguu.

"Mmeacha lini?"

"Mwezi wa tatu sasa huu."

"Alhamdulillahi," Bibi akasema taratibu, sahani bado iko mkononi. "Na nani aliyewatoa?"

"Tumejitoa wenyewe. Tulianza na wa usiku, maana ndio mbaya zaidi."

Mama mmoja akamvuta mwanawe akampakata. Mimi nilikuwa nimeshaelewa, lakini kicheko kilinibana nikashindwa kutoa sauti, na Wifi anaendelea kueleza jinsi mwili unavyokuwa mwepesi ukishaacha. Alipokuja kuzinduka, ua zima lilikuwa limeangua kicheko, msibani, Mungu atusamehe. Bibi mwenyewe alijifuta macho kwa upindo wa kanga.

Katika kucheka kote kule sikuona kwamba Mama Pili hayupo.

Nilimkuta stoo. Nilitumwa hiliki. Ni kachumba kasicho na dirisha, mwanga unaingia mlangoni tu, na nilipouziba mlango kwa mwili wangu kila kitu kikawa kivuli. Nikasogea pembeni nikamwona. Amechuchumaa mbele ya kiroba cha sukari kilichofunguliwa kwa ajili ya chai, mkono umezama humo. Ulikuwa mkono uliolowa, kwa hiyo sukari imemganda hadi kwenye kifundo kama glavu nyeupe. Nyingine iko midomoni, nyingine kidevuni. Kanga imemnata mgongoni kwa jasho, nami nilidhani ni joto la jikoni. Akanyanyua ule mkono mweupe kuelekea kwangu, kiganja kimefunguka.

Nilidhani ananizuia nisimwone.

"Faini!" nikapiga kelele. "Leo faini! Wifi, njoo umwone mwenzio!" Na nikatoa simu nikampiga picha. Alijaribu kusema kitu, ulimi ukawa mzito. Nikaona ni sukari imejaa mdomo. Wifi akaja mbio, akacheka na yeye.

Bibi alikuja nyuma yetu na hakucheka. Alinisukuma kwa kiwiko, akapiga goti, akamshika shingo. "Baridi kama samaki," akasema. Kisha akamuuliza, polepole, kama anamuuliza mtoto: "Una sukari, mwanangu?"

Mama Pili akaitikia kwa kichwa.

"Unameza vidonge?"

Akaitikia.

"Leo umekula?"

Akatikisa kichwa.

"Marehemu alikuwa hivi hivi," Bibi akasema, si kwetu. Akaagiza chai, akatia sukari vijiko sijui vingapi, akamshikia kikombe hadi kikaisha. Halafu ile mihogo ya nazi, kipande kwa kipande. Robo saa ikapita ndipo Mama Pili akatoa sauti, na neno la kwanza lilikuwa kumwomba Bibi radhi kwa kuharibu sukari ya watu.

Miaka mitatu alikuwa nayo, anajua yeye na mumewe. Hakuingia kwenye kundi letu kwa ajili ya nguo za harusi. Alisikia kwamba kuacha wanga kunashusha sukari, na muuguzi yule niliyemtaja alisema ni kweli kunashusha, shida ni hapo hapo. Alikuwa anameza glibenklamaidi, kidonge kinachoikamua kongosho itoe insulini ya kushusha sukari, uwe umekula au hujala. Wanga alipunguza, kidonge hakupunguza, na kliniki hakusema. Mwenye dawa zile hafanyi hivyo bila anayemtibu kujua.

Kwenye basi la kurudi nilimuuliza kwa nini hakutuambia na sisi. Alikuwa ameegemea dirisha.

"Mlikuwa mnacheka sana," akasema.

Ile picha niliifuta kabla hatujafika Bunju.

Jumatatu asubuhi simu ikalia: shilingi 5,000 zimeingia kutoka kwake, na ujumbe wa maneno mawili. "Faini yangu." Wifi anashikilia kwamba alikuwa anatania. Mama Pili mtu wa utani kweli, ukimzoea. Nimeusoma ujumbe ule mara nyingi na sijawahi kuusikia kwa sauti ya utani, wala ya hasira. Sikuzirudisha. Niliandika daftarini: Mama Pili, sukari, 5,000, amelipa. Kundi lilikufa kabla ya Ramadhani, na ilipofika Idi kilo zangu nne zilikuwa zimerudi na mwenzao mmoja. Mama Pili kliniki walimpunguzia vidonge, akaendelea kidogo kidogo, kisha mumewe akahamishiwa Dodoma. Kila Idi tunatumiana salamu.

"Mama! Mwalimu anataka mifano mitano."

"Andika ugali. Wali. Mihogo. Viazi."

Akahesabu kwa kalamu. "Bado mmoja."

"Sukari."

Akaacha kuandika. "Sukari si ugonjwa?"

"Andika tu, baba," nikamwambia, nikarudi kutafuta mawe kwenye mchele.