Nilivyohakikisha kitako changu cha bunduki hakivunji sheria kabla ya kukiuza

Mimi ni seremala hapa Nachingwea, na wazo nililokuwa nalo lilikuwa la kitako cha shotigani kilichochongwa kwa mninga, chenye springi ndani yake ya kupokea msukumo wa bunduki ili usiumize bega la mzee anayelinda mihogo yake dhidi ya nguruwe pori. Baadhi ya wazee walikwishataka kutanguliza malipo. Niliyakataa mpaka nijue sheria inasemaje, kwa sababu silaha nchini mwetu zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na sikuwa radhi kumtia matatani mtu aliyeniamini.

Nilimwendea wakili mjini Lindi nikiwa na mchoro. Aliniuliza kama kitako kinabadilisha namna bunduki inavyofyatua, kama kinaifupisha au kuifanya ifichike kirahisi, na kama mimi mwenyewe nitashika bunduki ya mtu mwingine ili kukipima. Swali hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko nilivyotazamia, kwani leseni ya kumiliki silaha haihamii kwa fundi eti kwa kuwa mwenyewe ameiacha bunduki karakanani, na kazi ya kutengeneza au kukarabati silaha ina leseni yake ya pekee, ambayo seremala hana.

Kuhusu springi alinisimulia jambo la Marekani, ambako sheria ya mwaka 1934 huihesabu kuwa bunduki ya rashasha silaha inayotoa risasi zaidi ya moja kwa kifyatulio kubanwa mara moja. Huko kulikuwa na kitako kilichoitwa Akins Accelerator, nacho kilikuwa na springi iliyoirudisha bunduki mbele baada ya kila msukumo, hivyo kifyatulio kikagonga tena kidole na risasi zikafuatana. Mamlaka inayosimamia silaha ilikikagua kwanza ikasema si rashasha, kikauzwa. Mwaka 2006 ikabadili uamuzi wake, ikataka springi ziondolewe na kukabidhiwa, na mahakama ikakubaliana na mamlaka. Vitako vingine vinavyoteleza, visivyo na springi, viliruhusiwa mwaka 2010, vikapigwa marufuku kuanzia Machi 2019, kisha Mahakama ya Juu ikaifuta marufuku hiyo Juni 2024. Shotigani za wazee wetu hufunguliwa na kujazwa kwa mkono, hivyo springi yangu isingeweza kuzigeuza rashasha. Hata hivyo niliona kwamba kifaa ambacho uhalali wake unahitaji maelezo marefu kitamtesa mnunuzi kila atakaposimamishwa njiani. Niliitoa springi, nikaweka mpira mzito kwenye kisigino cha kitako.

Barua ya kuuliza kama kitako hicho kinaruhusiwa niliiandika kwa msajili wa silaha, kupitia kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Afande aliyeipokea aliisoma yote, akanirudishia rasimu. "Fundi, hapa umeandika ni kifaa cha kisasa. Futa. Andika kinafanya nini, kinafungwa wapi, na nani atakifunga." Ushauri huo ulikuwa wa thamani kubwa, maana swali lisilo na vipimo hupata jibu lisiloweza kumlinda mtu. Niliandika upya nikitaja urefu, aina ya mbao na unene wa mpira, nikaambatanisha mchoro uliosainiwa kila ukurasa, na nakala yangu nikaomba igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kungoja kulikuwa kurefu. Jibu lilipofika lilihusu mchoro ule tu: nichonge mbao, nisipokee bunduki ya mtu, na kazi ya kufunga ifanywe na fundi wa silaha mwenye leseni, mwenye bunduki akiwapo na leseni yake. Hivyo ndivyo ninavyouza sasa, na kila kitako hutoka na nakala ya barua hiyo. Mteja mmoja ameniomba cha kukunjika. Kwa kuwa kinaifupisha bunduki, na barua yangu haikukitaja, nimemwambia sikichongi.